Kirusi hukurupuka, kisha hutokomea: Lugha na safari ya chanjo

MSOMAJI wangu mmoja, mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili kaunti ya Busia, ameniandikia akiwa na swali ambalo nimelibeba wiki nzima. Anasema mwaka 2025 alisikia redioni kwamba Uganda imeanza kuijaribu chanjo dhidi ya Ebola, na kwamba jaribio hilo limepewa jina Tokomeza. Anataka kujua kwanza ikiwa hilo ni neno la Kiswahili au ni Kiganda kilichosadifu kufanana nalo. Pili, anauliza: "Hivi chanjo hutokomeza ugonjwa ama humkinga mtu? Mbona majina yasiwe sahihi?"

La kwanza halina utata. Ni Kiswahili. Jaribio liliitwa TOKOMEZA SVD, zile herufi tatu zikiwa kifupisho cha jina la Kiingereza la ugonjwa unaoletwa na kirusi cha Sudan, ambacho ni ndugu wa kile cha Zaire tunachokisikia zaidi tukitaja Ebola. Lilizinduliwa jijini Kampala Februari 3, 2025. Kitenzi tokomeza kimezaliwa na tokomea kama vile sogeza ilivyozaliwa na sogea, poteza na potea, legeza na legea. Anayetokomea huenda asikoonekana. Anayetokomeza humfanya mwingine apotelee mbali. Watanzania watakumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 dhidi ya majangili wa ndovu, ambayo mwishowe iliwapokonya mawaziri wanne kazi. Neno lenyewe, basi, si la upole.

La pili ndilo gumu, na ili kulijibu sharti nitoke kidogo kwenye sarufi niingie maabara. Nitaandika kirusi kwa umoja na virusi kwa wingi. Najua wapo wenzangu wanaoshikilia kwamba virusi ni neno lisilogawika na kwamba Kirusi ni lugha ya Warusi. Herufi kubwa itatuamulia ugomvi huo.

Sisi Wakenya, ugonjwa ukizuka ghafla, husema umetokea mkurupuko. Wengine husema mlipuko. Mimi naupenda mkurupuko kwa sababu kukurupuka ni kutoka mafichoni kwa ghafla, kama kwale anavyokurupuka kichakani unyayo wako ukimkaribia. Hivyo ndivyo virusi hawa hatari wanavyotujia. Ebola ilikurupuka mara ya kwanza mwaka 1976, mahali pawili karibu wakati mmoja: Nzara, Sudan, na Yambuku, Zaire ya wakati huo. Yambuku waliugua watu 318, wakafa 280. Kisha ikatokomea. Sisemi iliisha, maana haikuisha. Ilirudi msituni, ndani ya viumbe ambao hadi leo wanasayansi hawajawathibitisha kikamilifu, ingawa popo ndio wanaoshukiwa zaidi.

Hapo katikati, baina ya kukurupuka na kutokomea, ndipo kilipo kisa chote cha chanjo za virusi vipya.

Fikiria. Chanjo ya surua unaweza kuipima wakati wowote kwa sababu surua haikosekani. Unawachanja watoto wengi, unangoja, unahesabu. Lakini utaipimaje chanjo ya ugonjwa ambao leo haupo? Unaweza kuitazama damu ya aliyechanjwa ukaona mwili umeunda kingamwili. Hiyo ni dalili njema, lakini haikwambii kama kingamwili hizo zitatosha siku mtu atakapomshika mgonjwa mikononi. Wala huwezi kumwambukiza mtu Ebola kwa makusudi ili uone. Hakuna kamati ya maadili duniani itakayokuruhusu. Inabaki njia moja: kungoja kwale akurupuke, na umlenge kabla hajatokomea tena.

Uganda waliuonja uchungu wa jambo hili mwaka 2022. Septemba 20 walitangaza mkurupuko wa kirusi cha Sudan wilayani Mubende. Kwa hesabu inayojumuisha waliodhaniwa kufa kwa ugonjwa huo kabla ya kupimwa, waliugua watu 164, wakafa 77. Chanjo iliyokwisha kuidhinishwa ilikuwa ya kirusi cha Zaire, na mbele ya kirusi cha Sudan haifui dafu. Zilikuwepo chanjo nyingine zilizokusudiwa kirusi hicho hasa, lakini zilikuwa bado za kujaribiwa na zilihitaji kutiwa kwenye vichupa, kukaguliwa na kusafirishwa. Dozi za kwanza zilifika Uganda Desemba 8. Mgonjwa wa mwisho alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani Novemba 30. Januari 11, 2023, mkurupuko ukatangazwa kuwa umekwisha.

Chanjo kwenye friji, fomu mezani, kirusi hakionekani. Wananchi walishangilia, na walikuwa na kila haki. Lakini mfikirie mtafiti siku ile. Atasemaje kwamba habari njema imemharibia kazi? Hawezi kulitamka hilo mbele za watu, ila anajua kwamba kirusi cha Sudan kitarudi, na kitakaporudi yeye atakuwa palepale alipokuwa.

Tuifuate chanjo ya kirusi cha Zaire, kwa kuwa ndiyo iliyoimaliza njia yote. Iliundwa katika maabara ya serikali ya Canada huko Winnipeg, na kikundi cha watafiti alimokuwamo Heinz Feldmann. Walichukua kirusi cha mifugo, kinachowapa ng'ombe na farasi vidonda vya mdomoni na ambacho ni nadra kumdhuru binadamu. Wakakivua protini yake ya nje na kukivisha ile ya Ebola. Waswahili huonya juu ya chui aliyejivika ngozi ya kondoo; hawa walimvisha kondoo ngozi ya chui. Mwili unapochanjwa humwona huyo kondoo, humdhania chui, na huandaa silaha za kumkabili chui. Chui halisi akija siku moja, anakuta anajulikana tangu mlangoni. Na kwa kuwa ndani ni kondoo, chanjo yenyewe haiwezi kumtia mtu Ebola.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: nyani waliopewa dozi moja tu walikingwa dhidi ya kirusi kilichowaua wenzao. Ungetarajia dunia iruke kwa furaha. Kukawa kimya. Mwaka 2010 haki za kuitengeneza zilikwenda kwa kampuni ndogo ya Marekani, na miaka ikapita bila majaribio kwa binadamu. Si kwamba sayansi ilikwama. Ugonjwa ulikuwa wa watu wachache, wa mashambani, maskini, na wa mara moja baada ya miaka kadhaa. Hakuna mfanyabiashara aliyeona soko hapo, na serikali tajiri ziliijali Ebola hasa kwa hofu kwamba mtu angeigeuza silaha. Hili linanikera kila ninapolikumbuka.

Kisha mwishoni mwa mwaka 2013 kirusi kikakurupuka katika kijiji cha Meliandou, Guinea. Agosti 8, 2014, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza hali ya dharura ya kimataifa, kilikuwa kimeshaingia mijini katika nchi kadhaa. Kabla hakijatulia mwaka 2016, kiliwaugua, au tuseme kiliwaangusha kitandani, watu zaidi ya 28,600 na kuua zaidi ya 11,300. Canada ilitoa vichupa vipatavyo 800 vya chanjo yake. Kampuni kubwa ya Merck iliichukua kazi hiyo Novemba 2014. Mambo yaliyokuwa yamelala miaka tisa yakaanza kukimbizwa kwa miezi.

Awamu ya kwanza ya kujaribu chanjo haiulizi kama inakinga. Inauliza kama inadhuru, na ni kipimo gani kinafaa. Ilifanywa kwa watu wazima 158 wenye afya katika vituo vinne: Geneva, Hamburg, Lambaréné nchini Gabon, na Kilifi. Naam, Kilifi yetu ya pwani. Watu kutoka huku kwetu walinyoosha mikono yao wadungwe chanjo ambayo bado hakuna aliyeweza kuwahakikishia kwamba ingefanya kazi, ilhali ugonjwa wenyewe ulikuwa ng'ambo ya pili ya bara. Sijaona mnara wala barabara yenye kumbukumbu yao. Huko Geneva watu 11 kati ya 51 waliochanjwa walipata maumivu na uvimbe wa viungo. Kazi ikasimamishwa kwa muda, ikachunguzwa, kipimo kikapunguzwa. Hiyo ndiyo kazi ya awamu ya kwanza, kugundua mambo kama hayo kwa wachache kabla ya kuwafikia wengi.

Ikabaki kuuliza swali kubwa, je, inakinga? Nchi tatu ziliuliza kwa njia tatu. Liberia ilipanga kuwashirikisha karibu watu 28,000, baadhi wapewe chanjo na wengine maji ya chumvi, ili walinganishwe. Walipofika 1,500, wagonjwa walikuwa wameadimika na hapakuwa na cha kulinganisha. Sierra Leone iliwachanja karibu watu 8,000, wahudumu wa afya na wengine waliokuwa mstari wa mbele; wakapata ushahidi wa usalama, lakini wa kinga hawakuupata, kwa sababu ileile. Kirusi kilikuwa kinatokomea mbele ya macho yao.

Guinea ndiyo iliyopata jibu, na ilipata kwa kubadilisha namna ya kuwinda. Badala ya kuchanja kila mahali na kungoja kirusi kije, walikifuata kilipo. Mgonjwa mmoja akipatikana, wanaandika majina ya wote waliomkaribia, na ya wote waliowakaribia hao. Hao wote ndio mduara mmoja. Mbinu ni ya zamani. Ndiyo iliyosaidia kuimaliza ndui duniani. Jipya lilikuwa kuifanya iwe pia njia ya kupima. Miduara iligawanywa kwa kura. Mingine ilichanjwa papo hapo, mingine ikangoja siku 21, kwa kuwa hizo ndizo siku nyingi zaidi ambazo kirusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kuonekana. Hakuna aliyepewa maji ya chumvi. Kila mtu aliyekubali angechanjwa, tofauti ni lini.

Miduara 51 ilichanjwa mara moja, 47 ikasubiri. Kuanzia siku ya kumi na kuendelea, kwa kuwa mwili unahitaji siku kadhaa kujiandaa, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja miongoni mwa waliochanjwa mara moja. Miongoni mwa waliosubiri walikuwapo 16. Julai 2015 kura ikasitishwa; tangu hapo kila mduara ukachanjwa bila kungoja.

Magazeti yalisema mia kwa mia. Hapo nina neno. Mia kwa mia katika mazungumzo yetu ni kiapo, ni kusema hakuna shaka. Katika hesabu za watafiti wale, asilimia 100 iliandamana na tahadhari kwamba, kwa uchache wa wagonjwa, ukweli ungeweza kuwa popote baina ya takriban asilimia 69 na 100. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024, uliotumia takwimu za mkurupuko mwingine huko Kongo, ulikadiria asilimia 84. Chanjo haikuzidi kuwa mbaya kati ya tarehe hizo mbili. Ni sisi tuliosikia kiapo mahali palipokuwa na makadirio.

Na hapa ndipo kazi yangu ya lugha inapokutana na yao.

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa niihakiki hati ya ridhaa ya utafiti mmoja wa chanjo huko pwani. Haukuwa wa Ebola, na walioufanya sitawataja. Hati ilikuwa imetafsiriwa na mtu aliyesoma, sarufi yake haina doa. Siku ya kuwasomea wanakijiji nami niliketi nyuma, chini ya mkwaju. Msomaji alipofika mahali palipoandikwa "utajaribiwa kwa chanjo", nyanya mmoja akainua mkono.

"Hebu ngoja, mwanangu. Mwanijaribu mie, ama mwaijaribu hiyo dawa?"

Watu wakacheka. Msomaji akacheka pia, akaendelea na aya iliyofuata. Mimi sikucheka. Ajuza yule alikuwa amelifunua kosa ambalo mimi, na kalamu yangu nyekundu, nilikuwa nimelipita mara mbili. Kitenzi jaribu kimetupa majaribio, lakini kimetupa pia majaribu, yale mateso na mitihani ambayo kila aliyelelewa kanisani au madrasani anajua humshukia binadamu. Ukimwambia mtu "utajaribiwa", umemfanya yeye kuwa ndiye kitu cha kupimwa. Anayepimwa ni nani? Chanjo. Mtu ni msaidizi wa upimaji, na anaweza kuondoka wakati wowote. Kiambishi kimoja kilikuwa kimemhamisha kutoka kiti kimoja hadi kingine.

Tuliandika upya: "Tunaijaribu chanjo. Tunakuomba utusaidie kujua kama inakinga." Maneno hayo hayana fahari yoyote, na huenda mwalimu wa insha angeyakata alama.

Halafu tukafika kwenye ile sindano isiyo na dawa ndani yake, inayopewa nusu ya watu ili walinganishwe na wenzao. Mtafsiri alikuwa ameipata katika orodha ya istilahi: kipozauongo. Kama istilahi ya darasani naiheshimu. Imeundwa kwa werevu. Lakini nani atampelekea mtoto wake adungwe uongo? Tukaandika kilichokuwemo, maji ya chumvi yasiyo na chanjo. Tukaja kwenye kura. "Utachaguliwa kwa kura," hati ilisema. Kijana mmoja akauliza, bila kutabasamu, nani atakayezihesabu hizo kura na nani atakayeziiba. Kenya hii, jamani. Tukaandika kwamba ni kama kurusha sarafu, na kwamba hata daktari hachagui upande.

Neno nililopigania libaki ni ridhaa. Mmoja wa wasimamizi alitaka idhini kwa kuwa ndilo linaloeleweka ofisini. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka: chifu hutoa idhini ya mkutano, mume wa zamani alidai kutoa idhini ya safari ya mkewe. Ridhaa hutoka moyoni mwa mtu mwenyewe, na haiwezi kutolewa na chifu kwa niaba ya kijiji. Yule nyanya alirudi siku ya pili hati mpya iliposomwa. Akasikiliza hadi mwisho. "Sasa nimefahamu," akasema. "Nimefahamu barabara. Ila mie sitaki." Akajifunga leso yake akaenda zake. Katika daftari za utafiti yeye ni mtu aliyekataa. Kwangu mimi hati ilikuwa imefanya kazi.

Msomaji ataniambia hayo ni ya kijijini, siku ya utulivu. Sawa. Basi twende penye moto wenyewe, tena penye Kiswahili. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ya Zaire ilitanda Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo. Waliugua watu 3,470, wakafa 2,287. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa kwa mbinu ileile ya miduara. Lakini chanjo ilipata kibali chake cha kwanza Ulaya na Marekani mwishoni mwa mwaka 2019 tu, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa bado ya utafiti na kila aliyechanjwa alipaswa kuelezwa na kuridhia.

Kuelezwa kwa lugha gani? Beni, Butembo na Goma wanasema Kiswahili, lakini Kiswahili chao, kisichokuwa cha Dar es Salaam wala cha kitabu changu cha sarufi. Shirika la Translators without Borders, lililochunguza suala hili huko mwaka 2019, liliona kwamba watu walitaka maelezo kwa Kiswahili wanachokizungumza wenyewe, na si amri fupifupi, bali maelezo ya kina, ya kwa nini na vipi. Na lipo neno ambalo halikuwahi hata kutafsiriwa. Kazi nzima ya kupambana na Ebola iliitwa kwa Kifaransa *riposte*, yaani kujibu pigo. Katika eneo ambalo raia wamekuwa wakiuawa na makundi ya silaha kwa miongo, walikuja watu wa kigeni wenye magari na walinzi wenye bunduki, na jina lao lilikuwa la kivita. Siwezi kudai kwamba neno liliua mtu; vita vya kule vina mizizi mirefu kuliko hiyo. Lakini vituo vilishambuliwa, na Aprili 2019 Dkt Richard Mouzoko, mtaalamu wa Shirika la Afya Duniani kutoka Cameroon, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo.

Kulikuwa na jambo jingine lililoniuma zaidi kama mtu wa lugha. Mwanzoni wajawazito na wanaonyonyesha hawakuchanjwa, ingawa Ebola huwaua wajawazito bila huruma. Hoja ilikuwa kwamba usalama wa chanjo kwao ulikuwa haujathibitishwa. Ilichukua hadi mwaka 2019 uamuzi huo ubadilishwe. Sasa jiweke mahali pa mume ambaye nyumba yake nzima imeingia mduarani. Wewe unachanjwa, mama yako anachanjwa, mkeo mwenye mimba anaambiwa asogee kando. Utaelewa nini? Utaelewa kwamba chanjo ni sumu kwa mimba, na wewe ndiye unayedungwa. "Haijathibitishwa kuwa salama" imegeuka "si salama" ndani ya dakika moja, na kufika jioni ni "inaua watoto tumboni".

Hapo Kiswahili kina silaha ambayo naona hatuitumii. Kina -ja-. Kiingereza na Kifaransa zinalazimika kuongeza neno zima la pembeni ili kusema bado. Sisi tunalo ndani ya kitenzi. Haijulikani ni mlango uliofungwa. Haijajulikana ni mlango ambao mtu bado anaubisha. Hatujui, hatujajua. Hawajachanjwa, hawachanjwi. Mhudumu aliyeandaliwa angeweza kumwambia yule mume: chanjo hii hatujaipima kwa wenye mimba, tunapima, na tukijua tutarudi. Sisemi angeaminika mara moja. Nasema angekuwa amesema kweli yote kwa kitenzi kimoja, na muda wa kusema ukweli wote katika mkurupuko huwa mfupi mno.

Kuhusu muda, Kampala ya mwaka 2025 ilikuwa imejifunza kutokana na Mubende. Mkurupuko ulitangazwa Januari 30, baada ya muuguzi kufa. Siku nne baadaye mduara wa kwanza ulikuwa unachanjwa. Siku nne! Hazikupatikana kwa miujiza. Chanjo ilikuwa imeshawekwa Uganda, utaratibu wa utafiti umeshaandikwa, watafiti wameshafunzwa, wakati ambapo hakukuwa na mgonjwa hata mmoja. Wagonjwa walikuwa 14 tu mkurupuko mzima, wanne wakafa, na Aprili 26 ukatangazwa kumalizika. Idadi ndogo hivyo haitoshi kujibu kama chanjo ile inakinga. Kwale ametokomea tena, safari hii mwindaji akiwa ameshaushika upinde.

Rwanda, miezi michache kabla, walichagua vingine. Kirusi cha Marburg kilipotangazwa Septemba 27, 2024, walianza kuchanja Oktoba 6, wahudumu wa afya wakiwa wa kwanza kwa kuwa ndio waliokuwa wakiangamia. Hawakupiga kura wala kumngojesha mtu. Wagonjwa walikuwa 66, wakafa 15, idadi ya chini kwa Marburg. Je, ni chanjo, ni matibabu mazuri, au ni kugundua mapema? Bila kundi la kulinganisha hakuna awezaye kusema. Siwalaumu. Ningekuwa muuguzi wa Kigali ningetaka sindano yangu asubuhi hiyo hiyo. Lakini ningekuwa muuguzi wa mkurupuko ujao, pengine hapa hapa Kenya, ambako watu wawili waliokuwa wamezuru pango la Kitum, Mlima Elgon, walikufa kwa Marburg mwaka 1980 na 1987, ningetamani sana kujua.

Basi, mwalimu wangu wa Busia, jibu la swali lako la pili ni hili. Chanjo haitokomezi. Chanjo hukinga, kama unavyokinga maji ya mvua kwa sufuria iliyotangulia kuwekwa chini ya paa. Kinachotokomeza mkurupuko ni mduara wa watu waliokingwa, kirusi kikikosa pa kukanyaga. Kirusi chenyewe hakitokomezwi na yeyote, kinatokomea. Kwa hiyo jina la Kampala lina ubishi kidogo kisarufi, na mimi ningeliacha lilivyo, kwa sababu kila aliyelisikia Afrika Mashariki alilielewa bila kufasiriwa.

Na ukiwa bado una wanafunzi wanaopenda sayansi, waambie kuna jingine la kwetu kabisa. Homa ya Bonde la Ufa ilitambuliwa na kuelezwa na watafiti kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Hukurupuka baada ya mvua kubwa, kama ilivyotokea 1997 hadi 1998 na tena 2006 hadi 2007, ikaua mifugo na watu kaskazini mashariki mwa nchi, kisha ikatokomea kwa miaka. Kwa mifugo chanjo zipo. Kwa binadamu hakuna iliyoidhinishwa. Ipo inayoundwa kwa ushirikiano wa Oxford na watafiti wa Kilifi, akiwamo Mkenya George Warimwe, na imeshapita awamu ya kwanza huko Uingereza. Watakaoulizwa kama wako radhi kusaidia kuipima, mvua ijayo, ni wafugaji wa Garissa na Ijara, na hati watakayosomewa itabidi iwe ya Kisomali na ya Kiswahili. Nimeomba nionyeshwe rasimu.